Doa Jeupe kwenye Gia ya Kemshafti

Watu walimwita Sikio, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuona sababu ya kulikataa jina hilo. Ukimletea gari linalokohoa, alikuwa anakuambia uliwashe, anaweka kiganja juu ya injini, anafumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anakutajia ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, mwenye gari alikuwa ameshakwenda zake, na akirudi, ugonjwa ulihesabiwa kuwa mpya. Sifa hujengwa hivyo, na ya Sikio ilikuwa imejengwa ikaezekwa, naye mwenyewe akahamia ndani.

Gereji yake ilikuwa na vyumba viwili na uwanja wa saruji uliojaa madoa ya oili. Chumba cha kwanza kilikuwa cha magari ya watu wa kawaida: breki, klachi, rejeta zinazovuja. Cha pili, chenye meza iliyofunikwa bati na mlango wa kufunga vumbi lisiingie, kilikuwa cha injini za mashindano, na humo mwenye neno alikuwa Pima.

Pima alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mpole, asiyefunga kitu bila kukipima wala kukipima bila kukiandika kwenye daftari. Alikuja kuishi nao wazazi wake walipofariki, ndio kwanza amemaliza shule. Spana alifundishwa na shemeji yake. Hesabu za injini alijifundisha mwenyewe kwa vitabu alivyookoteza huku na kule. Jina la Pima alipewa na Sikio, na hakupewa kwa kusifiwa. "Huyu hata sukari ya chai anaipima," Sikio aliwaambia wateja. Wateja walicheka, na Pima naye alicheka kidogo, huku anaendelea na kazi.

Katika chumba kile palikuwa na sheria moja. Bolti yoyote ikishakazwa kwa mara ya mwisho, aliyeikaza aliiwekea doa la rangi juu ya kichwa chake, ili siku mambo yakiharibika pasiwe na kutupiana mpira. Sheria hiyo aliiweka Sikio mwenyewe, zamani, baada ya gurudumu la mteja kuchomoka na mafundi wawili kuapa kila mmoja kwamba si yeye. Walitumia rangi ya kucha, maana hakuna rangi inayong'ang'ania chuma kama hiyo, na wauza duka walishazoea kuwauzia mafundi wenye mikono ya grisi. Njano ilikuwa ya Sikio. Nyeupe ilikuwa ya Pima.

Basi siku moja akaja Mwalimu na boksi refu. Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, wa hisabati, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Siku za shule alifundisha. Siku za mapumziko alivaa kofia ngumu na kushindana kupanda mlima kwa gari dogo jekundu ambalo wanafunzi wake walilijua kuliko walivyojua milinganyo. Ndani ya boksi mlikuwa na kemshafti ya mashindano, aliyoiagiza mbali na kuisubiri miezi minne.

Asiyejua kemshafti amwazie fimbo nene ya chuma yenye nundu. Kila nundu ikizunguka inaisukuma vali ifunguke, na nundu ikishapita, vali inajifunga. Nundu ikiwa kubwa zaidi, vali inanyanyuka juu zaidi na kukaa wazi muda mrefu zaidi, injini inavuta pumzi ya kutosha na gari linakimbia. Hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake ni kwamba vali na pistoni hugombea nafasi ile ile mle ndani, na kinachozuia visigongane ni wakati tu: kimoja kiwe kimeshaondoka ndipo kingine kifike. Ndiyo maana kemshafti ile ilikuja na karatasi ya namba. Ilieleza vali ifunguke digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, ijifunge digrii ngapi baada ya pistoni kufika chini, inyanyuke milimita ngapi, na kilele cha nundu kiangukie wapi.

Mwalimu alimpa Sikio karatasi ile akamwomba amweleweshe. Sikio aliishika kwa mbali kama mtu aliyesahau miwani, ingawa hakuwa na miwani ya kusahau. Aliziona namba zote na hakuelewa hata moja. Maisha yake yote alikuwa anapanga taimingi, yaani huo wakati wa vali na pistoni, kwa kulinganisha alama zilizochongwa kiwandani, alama ya juu na alama ya chini, kisha anawasha na kusikiliza. Kwa injini za kawaida hiyo inatosha na inazidi. Kwa hii haikutosha, na yeye alijua kwamba haitoshi.

"Mwalimu," alisema, "injini haijasoma shule. Injini husikilizwa."

Waliokuwepo wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliichukua karatasi yake taratibu mkononi mwa Sikio, akampelekea Pima, na Pima akachora kwa chaki juu ya bati, duara moja kubwa na mistari minne, akimweleza kila namba inakaa wapi. Mwalimu aliuliza, Pima akajibu, wakaelewana kama watu waliokaa dawati moja. Sikio alisimama kando akitikisa kichwa mahali alipodhani panafaa kutikiswa kichwa.  Angeweza kusema siku ile, "Shemeji, rudia hapo, hapo sijaelewa," na dunia isingesimama. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, lakini mtu aliyeitwa Sikio kwa miaka ishirini anauliza kwa mdomo gani?

Kemshafti ilifungwa. Pima aliweka sahani ya digrii, ile sahani bapa yenye namba mia tatu na sitini, kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akasimamisha kipimo chenye mshale juu ya vali, akaizungusha injini kwa mkono, pole pole, asubuhi nzima. Aliweka na kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, akazungusha, akautoa na kuukata kwa wembe, akapima unene wake. Kisha akamwita Sikio na kumweleza. Hedi, yaani kichwa cha injini ile, ilikuwa imeshachongwa mara mbili na ikawa fupi, kwa hiyo kemshafti ilikuwa inachelewa digrii nne. Gia ya kemshafti ilikuwa ya kusogezwa, kwa hiyo ingesogezwa mbele mpaka sahani isome sawa na karatasi, kisha ingepimwa upya. Ikikaa sawa na karatasi, kati ya vali na pistoni itabaki nafasi ya milimita mbili. "Zinatosha," Pima alisema, "lakini hazina akiba." Akaandika kwenye daftari, akavaa shati safi, akaenda kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchongea vyuma, kusimamia gurudumu la injini lililokuwa linasawazishwa huko. Akasema akirudi saa tisa ataisogeza.

Saa sita Mwalimu akapita. Aliuliza Pima yuko wapi. Sikio akamwambia ametoka, lakini yeye yupo.

"Hapana shida," Mwalimu alisema, akavuta kiti. "Nitamsubiri Pima."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale yalimwingia Sikio kama msumari kwenye kandambili. Hii gereji ya nani? Huyo Pima spana alishikishwa na nani? Akafungua daftari, akaona maandishi: imechelewa nne, isogezwe mbele. Akaitazama gia. Ilikuwa na alama nyembamba pembeni, zimepangwa kama za rula. Nne ni nne, akajiambia. Akalegeza bolti, akaisogeza alama nne, akakaza.

Sasa tuseme ukweli. Kemshafti huzunguka mara moja wakati krenki imezunguka mara mbili. Hilo Sikio alilijua. Hakuna fundi asiyelijua, hata anayeosha vyombo vya mafundi analijua. Sahani ya Pima ilikuwa kwenye krenki, kwa hiyo nne za daftari zilikuwa za krenki. Alama za gia ni za kemshafti, na kila moja ni sawa na mbili za krenki. Zilitakiwa alama mbili tu. Yeye alisogeza nne, na injini iliyokuwa imechelewa digrii nne sasa ikawa imewahi digrii nne, na ile nafasi isiyokuwa na akiba ikaliwa.

Sahani ilikuwa bado pale pale, na mshale bado umesimama juu ya vali. Kupima upya kungechukua dakika kumi. Lakini Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti anamtazama, na Sikio hakujua kukisoma kile kipimo, wala hakuwa tayari kuonekana akibabaika nacho. Akakichomoa, akakifuta vizuri kwa kitambaa na kukirudisha kwenye kasha lake, kama mtu aliyemaliza kazi nacho.

Ikabaki rangi. Akachukua chupa yake ya njano, akazungusha kifuniko, kikagoma. Alipokilazimisha kikatoka na brashi iliyoganda kama mfupa. Ndani rangi ilikuwa imekauka zamani. Hakukumbuka lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alikaza kitu chochote katika chumba kile. Mwalimu bado alikuwa anatazama. Akachukua nyeupe ya Pima, akaweka madoa matatu kwenye bolti tatu za gia, akaifunika gia kwa mfuniko wake.

Pima alirudi saa tisa kasoro, amebeba gurudumu begani na kimfuko kidogo cha karatasi mkononi. Aliona mfuniko umefungwa. Aliiona na chupa yake nyeupe imekaa rafu ambayo si yake.

"Umeisogeza, shemeji?"

"Nimeisogeza."

"Umepima tena?"

"Nimepima," Sikio alisema.

 Kufungua mfuniko mbele ya Mwalimu kungekuwa kumwambia mume wa dada yake, mtu aliyemlea, kwamba ni mwongo. Akakitia kile kimfuko mfukoni mwa ovaroli, akaenda kufunga gurudumu. Jioni ile injini iliwashwa, na ilinguruma vizuri kuliko injini yoyote iliyowahi kutoka chumba kile. Sikio aliweka kiganja, akafumba macho, akasema, "Tamu." Na kweli ilikuwa tamu. Sikio lake halikumdanganya hata kidogo. Aliloulizwa siku ile lilikuwa jambo ambalo sikio halina jibu lake.

Siku ya mashindano, gari jekundu lilifika kona ya tatu. Mwalimu alikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikapanda, ikapanda, kisha ikasikika kelele kama ya sufuria zilizodondoka rafu nzima, na baada ya hapo hakukusikika kitu. Mwalimu aliliingiza gari kwenye nyasi, akashuka mzima, akavua kofia na kukaa juu ya jiwe. Hakulia. Aliwatazama wenzake wakipita mmoja mmoja, na kila aliyepita alipiga honi ya pole.

Injini ilifunguliwa keshokutwa yake mbele ya Mwalimu na mwenyekiti wa klabu ya mashindano. Mwenyekiti alikuwa na sababu yake ya kuja. Klabu ilikuwa inatafuta mkaguzi wa injini, mtu wa kupima kila gari kabla ya kushindana na kulizuia lisilofaa, na jina lililokuwa mezani lilikuwa moja tu: Pima. Ilikuwa kazi aliyoiota miaka mingi, ingawa hakuwahi kuisema ila kwa dada yake. Sasa vali nne za kuingizia zilitoka zimepinda, na juu ya kila pistoni palikuwa na alama ya mwezi mchanga, mahali vali ilipogonga. Mwenyekiti akaomba taa, akamulika gia ya kemshafti, akahesabu alama kwa ncha ya kalamu.

"Imesogezwa mno," alisema. Kisha akamulika bolti. Sheria ya rangi ya gereji ile aliijua. Aliwahi kuisifu mbele ya watu. "Nyeupe ni ya nani?"

Alijua ni ya nani, na wote walijua. Pima aliinama akayatazama yale madoa matatu. Halafu aliinua macho akamtazama Sikio, si kwa ukali, wala si kwa muda mrefu. Akamtazama kama mtu anayekushikia mlango upite.

Sikio aliuona mlango huo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakuweza hata kujisingizia kuwa hakuuona.  Akamwona Mwalimu na mikono yake aliyoikunja kifuani, akaiona na karatasi ya namba imebandikwa ukutani, na akawaza watakavyosema mjini: Sikio hajui kuhesabu mpaka nne.

"Ni rangi yangu," Pima akasema hatimaye. Alisema hivyo tu, na hakusema uongo.

Basi Sikio akafungua mdomo. Na alichokisema, kwa sauti ya mzee mwenye busara anayetuliza mambo, kilikuwa hiki: "Binadamu hukosea, jamani. Tumsamehe."

Maneno hayo yalimrudia kila siku. Alikuwa ameyasema yeye, tena kwa upole, na mkono ameuweka begani kwa Pima.

Mwalimu hakugomba. Alimwambia Pima tu kwamba alimwamini, akaondoka. Mwenyekiti alipiga simu siku ya pili kusema ukaguzi utapewa mtu mwingine, au utasubiri. Mafundi wa chumba cha kwanza, waliokuwa wanamwonea Pima gere kwa madaftari yake, walipata la kusema wakati wa chai: mpimaji amepima akapimika. Pima alikunywa chai yake, akarudi kuitengeneza upya injini ya Mwalimu. Siku za mapumziko pia alikuja. Kila asubuhi alimsalimia Sikio kama kawaida, habari za asubuhi shemeji, watoto hawajambo, na kila salamu Sikio aliipokea kama mtu anayepokea kitu alichokiiba.

Nyumbani mkewe aliuliza mara moja tu, anakunja nguo. Aliuliza kama ni kweli mdogo wake ndiye aliyekosea. Sikio akasema kazi ina mambo yake, labda alichoka. Mkewe akaendelea kukunja.

"Yule?" alisema baadaye. "Aliyekuwa anapima maziwa ya mtoto wetu kijiko kwa kijiko, akimaliza anamwaga anapima upya?" Hakungoja jibu. Akabeba nguo akaziingiza kabatini, na tangu siku hiyo mazungumzo yao yakawa ya bili ya maji na ada za shule.

Wiki ya tatu Sikio alifanya jambo ambalo mpaka leo hapendi kulikumbuka. Pima akiwa kwa fundi wa lethi, aliingia chumba cha pili, akafunga mlango, akafungua droo ya shemeji yake. Alikuwa anatafuta daftari. Nia yake ilikuwa kuuchana ule ukurasa usemao nne, usije ukasomwa na mtu mwenye akili. Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alikuwa ameshauficha, sasa anataka kuuchimbia shimo.

Ukurasa aliupata. Imechelewa nne, za krenki. Pima alikuwa ameandika wazi kabisa, za krenki, na siku ile Sikio aliisoma tarakimu peke yake, neno akaliruka. Chini yake kulikuwa na maandishi mapya ya tarehe ile injini ilipofunguliwa: "Nimepima tena. Imewahi nne. Kosa langu: niliambiwa imepimwa, nikaamini bila kupima." Hakukuwa na jina la mtu mwingine yeyote.

Kando ya daftari kulikuwa na kile kimfuko cha karatasi. Sikio alikifungua. Ndani mlikuwa na chupa ya rangi ya kucha, ya njano, mpya, haijafunguliwa.

Akaketi juu ya ndoo. Kumbe Pima alijua tangu zamani kwamba njano imekauka. Alipita dukani siku ile ile akamnunulia shemeji yake rangi yake, akarudi akakuta mfuniko umefungwa na nyeupe imehamishwa rafu. Hakuwa na haja ya kukisia chochote pale mwenyekiti alipomulika zile bolti. Alijua ni mkono wa nani, akampa mwenye mkono nafasi aseme mwenyewe, na mwenye mkono akaomba watu wamsamehe Pima. Sikio alisikia masikio yake yanawaka moto. Alikuwa ameona haya mbele ya watu mara nyingi maishani. Kuona haya peke yake, juu ya ndoo, mlango umefungwa, ilikuwa mara ya kwanza, na aligundua kwamba hiyo huwezi kuisindikiza mlangoni wala kuifuta kwa mzaha.

Hakuuchana ukurasa. Jumamosi, klabu ilipokutana katika darasa moja la shule ya Mwalimu, alikwenda na ile gia, ambayo ilikuwa bado haijarudishwa kwenye injini, ndani ya mfuko. Watu walikuwa kama ishirini, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Pima hakuwepo, tangu jina lake liondolewe alikuwa haji. Sikio aliomba kusema, akaiweka gia juu ya meza ya mwalimu, akafungua ile chupa ya njano na kuyapaka yale madoa meupe, moja, mbili, tatu. Doa la tatu likamwagikia pembeni.

"Hii niliikaza mimi," alisema. "Pima hakuigusa. Aliniuliza kama nimepima, nikamwambia nimepima. Sikupima."

 Mwalimu ndiye aliyeuliza, kutoka dawati la mbele, kwa sauti ile ile anayowaulizia wanafunzi. Aliuliza kama alikuwa hajui kwamba krenki ni mbili kwa moja ya kemshafti. Sikio akasema alijua. Mwalimu akauliza basi kwa nini hakupima.

"Sikujua kukisoma kile kipimo," Sikio alisema. "Na wewe ulikuwa umekaa pale unanitazama."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Sikio aliingojea aibu ya kuchekwa, ile aliyoikimbia mwezi mzima, akaona imekuja ndogo na nyepesi, kitu cha kubebeka. Kisha mwenyekiti akauliza la kwake.

"Ulipoyaona madoa siku ile, ulikuwa umesimama karibu yangu. Ulisema tumsamehe. Kwa nini?"

 Sikio alitazama ubao, ambako mtu alikuwa amesahau kufuta hesabu za watoto. Aliendelea kuutazama mpaka mwenyekiti mwenyewe akaona vibaya, akasema wameelewa.

Pima alirudishiwa jina lake, na kazi akapewa. Mkewe Sikio aliposikia, alisikia kwa mdogo wake. Mumewe alipoanza kumweleza alimwambia amalize tu kula. Pima alikuja nyumbani kuaga, maana mkaguzi haruhusiwi kufanya kazi katika gereji inayotengeneza magari ya mashindano. Wakasimama mlangoni, na Sikio akamwomba radhi kwa maneno machache yaliyopinda. Pima akasema yameisha. Akashuka ngazi mbili, akageuka.

"Nilikuwa nasubiri useme siku ile ile, shemeji," alisema. "Ile ile tu."

Sikio alijifunza. Lazima tumpe haki yake. Alibandua karatasi ya namba ukutani akaenda nayo kwa Mwalimu, na Mwalimu, ambaye hakuwa amemsamehe, alimfundisha hata hivyo, maana hawezi kumwona mtu hajui hesabu akanyamaza. Alinunua sahani yake mwenyewe. Alikosea, akarudia, akajaza daftari zima kwa mwandiko mbaya. Mwisho wa mwaka ule aliijenga injini nyingine ya mashindano kwa mkono wake kuanzia bolti ya kwanza, na madoa yake yote yalikuwa ya njano.

Siku ya ukaguzi aliipeleka uwanjani asubuhi, imeshafungwa kwenye gari. Pima alikuwa amevaa koti la klabu, kalamu mfukoni, watu wamepanga foleni. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Pima akaangalia injini, akaona njano, na uso wake ukalegea kidogo.

"Umepima, shemeji?"

"Nimepima," Sikio alisema. "Mara tatu. Daftari hili hapa."

Pima alilipokea daftari kwa mikono miwili, akalisoma ukurasa mzima, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaliweka kando, akachukua spana na kuanza kufungua mfuniko. Nyuma yao gari mbili zilikuwa zimeshapita kwa mkaguzi msaidizi, na hizo zilitazamwa daftari tu.

"Nishikie taa hapo," alisema. "Nitapima mwenyewe."

Sikio akashika taa. Aliimulika vizuri, mahali panapotakiwa, na mkono wake haukutikisika mpaka shemeji yake alipomaliza.